Mke wa Mwashi na Shamba la Mteremkoni

Baba yao alipofariki, kaka zake wawili waligawana tambarare, yeye, dada yao mdogo, akaachiwa mteremko. Hakuna aliyegombana wala kupandisha sauti. Kaka mkubwa alisimama mpakani, akanyoosha mkono kuelekea kile kilima cha mawe na magugu, akasema, "Na wewe, mdogo wetu, ekari mbili na nusu hizi zote ni zako. Una bahati. Utakuwa unalima huku unatuchungulia sisi huku chini."

Wakacheka, naye akacheka nao. Alikuwa kitinda mimba, na tangu utoto kuku akichinjwa yeye huangukiwa na shingo. Ila alikuwa na tabia moja ambayo kaka zake walikuwa wameisahau: hiyo shingo aliitafuna mpaka mfupa ukang'aa.

Wakati huo alikuwa ameshaolewa na mwashi, mtu mrefu, mkimya, ambaye ukuta wake ungeweza kuulazia yai juu lisibingirike. Mwashi alifanya kazi mjini siku za juma na kurudi kwake Jumamosi jioni. Kila aliporudi alijenga kidogo. Mwaka wa kwanza chumba kimoja na varanda, mwaka wa pili vyumba viwili, kisha jiko la nje lenye bomba la kutolea moshi, kisha banda la ng'ombe lenye sakafu ya saruji iliyoinama kidogo ili mkojo wa ng'ombe uteremkie shimo la mbolea. Majirani walisema ng'ombe wa mwashi analala pazuri kuliko wao. Mwashi alitabasamu tu. Nyumbani kulikuwa kwake, shamba lilikuwa la mkewe, na kila mmoja alikuwa mfalme kwenye eneo lake.

Mkewe alilima kweli. Alfajiri alikamua, akawaandaa mabinti wawili kwenda shule, akapanda kilimani na jembe begani. Alipanda mahindi na maharage, viazi pale penye udongo mlaini, migomba karibu na shimo la mbolea. Shida yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuja na kila mvua. Maji yalishuka kilimani kama watoto wanaotoka shule, yakisukumana na kupiga kelele, na yaliposhuka hayakushuka mikono mitupu. Asubuhi ya pili alikuta mahindi yamesimama juu ya mizizi yao mitupu kama watu waliopandisha suruali kuvuka tope. Udongo wake mweusi, mbolea yake ya mwaka mzima, ulikuwa umelala kwa jirani wa chini.

Jirani huyo alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye kofia ya pama na maneno matamu. Kila baada ya mvua alimpungia mkono. "Mama, asante kwa mbolea! Safari hii umenikumbuka mpaka kwenye vitunguu!"

"Kula tu, mwalimu," alimjibu. "Lakini usizoee."

Alisema hivyo bila kujua atafanya nini. Alijua tu kwamba atafanya kitu.

Kabla hajakijua, mumewe akaanguka. Ubao wa jukwaa la ujenzi ulikatika ghorofa ya pili, naye akashuka nao. Alilazwa miezi mitatu, nyonga ikaungwa kwa vyuma, akarudishwa nyumbani na fimbo pamoja na onyo: asipande ngazi tena, asibebe kizito, asisimame muda mrefu. Kwa mwashi, hilo ni sawa na kumwambia samaki akae mbali na maji.

Mwashi akahamia varandani. Alikaa kwenye kiti cha mbao tangu chai ya asubuhi mpaka kuku walipoingia bandani, akitazama kilima. Mtu ambaye zamani hakusema, sasa alisema, na alichosema kilikuwa malalamiko. Kuku wanachafua. Mlango wa jiko unapiga kelele. Binti mdogo anaburuza ndara. Mkewe alipomletea ungo wa maharage achambue, akautazama kama ametukanwa.

"Ndiyo nimefika hapa? Kuchambua maharage?"

"Maharage yanaliwa na wewe pia, Fundi."

"Mimi ni gunia, Mama Watoto. Niweke pembeni ya ukuta, basi."

"Gunia halilalamiki," akamjibu, akamwachia ungo magotini, akaenda zake kukata majani ya ng'ombe. Aliporudi alikuta maharage yamechambuliwa, mawe upande huu, mabovu upande ule, yamepangwa mstari ulionyooka kama tofali. Akapita na majani yake. Lakini moyoni alisema: mikono ipo.

Kipindi hicho hicho alikwenda kumjulia hali shangazi yake aliyeumwa, bonde la pili, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Huko aliona kitu kilichomfanya asimame njiani na kikapu kichwani. Kilima kikali kuliko chake kilikuwa kimekatwa ngazi ngazi, kama mtu aliyetaka kujenga nyumba ya majitu akaishia kwenye msingi. Kila ngazi ilikuwa na mtaro na tuta juu yake, na juu ya tuta majani marefu ya kulishia mifugo. Katikati ya ngazi, mahindi yalisimama yamejaa, mizizi yake imefunikwa vizuri.

Aliingia shambani bila kualikwa. Mwenye shamba, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, hakukasirika, alimwonyesha.

"Unachimba mtaro kukata mteremko. Udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta. Mvua ikija, maji yanakwama nyuma ya tuta, yananywewa na ardhi pale pale, na udongo unabaki. Miaka mitatu minne, shamba linajisawazisha lenyewe."

"Ni hivyo tu?"

"Hivyo tu!" Yule mama alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mtaro lazima ulale sawa, dada yangu, mwanzo hadi mwisho. Ukiinama hata shubiri moja, maji yote yanakimbilia upande huo, yanatoboa, na hapo utakuwa umejichimbia mto."

Alirudi nyumbani na maneno hayo. Siku ya pili akaanza kuchimba, akipima kwa jicho. Alichimba siku nne, hatua arobaini za mtaro, mgongo ukawa kama si wake. Siku ya tano ikanyesha mvua ndogo, ya kupitisha tu. Maji yaliingia mtaroni, yakatulia kidogo kana kwamba yanafikiri, kisha yote yakageukia kushoto, yakatoka mwisho wa mtaro kwa fujo na kuchana shamba la viazi mpaka kwa mwalimu.

Alisimama pale, jembe mkononi, matone yakimtiririka usoni. Kutoka varandani, sauti ya mumewe ikamfikia, wazi kabisa:

"Huo mtaro wako umelewa!"

Aligeuka. Akashuka kilima hatua kwa hatua mpaka akasimama mbele ya kiti, matope hadi magotini.

"Umesemaje?"

"Umelewa. Upande wa kushoto uko chini kama futi moja. Nimeuona tangu juzi."

"Tangu juzi! Umekaa hapo siku nne unaniangalia navunjika mgongo, na ulikuwa unaona?"

"Hukuniuliza."

Mabinti wawili, waliokuwa wanafanya hesabu za shule mezani ndani, walinyamaza. Hata kuku walinyamaza, au ndivyo binti mkubwa alivyokuwa akisimulia baadaye.

"Basi leo nakuuliza," mkewe akasema. Hakupiga kelele, na mumewe alijua kwamba asipopiga kelele ndipo pa kuogopa. "Wewe ni fundi au si fundi? Kama ni fundi, inuka unipimie. Kama si fundi, funga mdomo na ule maharage yako."

Mwashi alitazama nyonga yake, akatazama kilima.  Halafu akasema, polepole, "Sanduku langu liko chini ya kitanda."

Binti mdogo ndiye aliyeliburuta nje. Lilikuwa na vumbi la miezi minane. Mwashi alilifungua na kutoa vitu kimoja kimoja, akivifuta kwa pindo la shati: mwiko, timazi yenye kamba, pima maji ya kioo. Mwisho akatoa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama nyoka aliyelala.

"Pima maji hii ni ya ukuta," alisema. "Kwa kilima tunatumia mpira. Ujazeni maji. Asibaki hata kiputo kimoja cha hewa."

Mabinti walichukua dakika kumi na vicheko vingi kuujaza. Mwashi akawaeleza, na huo ukawa mhadhara mrefu kuliko wote aliowahi kutoa nyumbani kwake. Maji yaliyomo kwenye mpira mmoja, alisema, husimama kimo kimoja pande zote mbili, hata uupindishe vipi. Ukifunga ncha hii kwenye fimbo yenye alama na ncha ile kwenye fimbo nyingine yenye alama ile ile, maji yakigusa alama zote mbili, basi miguu ya fimbo imesimama sawasawa. "Jicho linadanganya. Mimi nadanganya, na mama yenu anadanganya akisema hajachoka. Maji hayajui."

Kesho yake alipanda kilima. Ilimchukua saa nzima, fimbo mkono mmoja, bega la mkewe mkono mwingine, akipumzika kila baada ya hatua kumi na kutukana mawe. Mkewe alimwekea kigoda. Akakaa na fimbo yake ya kupimia katikati ya magoti, mkewe akachukua ncha ya pili na kutembea hadi mpira uliponyooka.

"Maji yamepanda kwangu," mwashi alisema. "Uko juu. Shuka kidogo."

Akashuka.

"Zaidi. Zaidi. Ah, umepita! Panda nusu unyayo."

"Nusu unyayo wangu au wako?"

"Wako. Wangu ni shamba zima."

Ilikuwa miezi minane tangu amsikie akifanya utani. Hakutaka kuuharibu. Alipanda nusu unyayo.

"Hapo hapo! Usipumue! Piga kigingi!"

Akapiga kigingi. Kisha kigoda kikahamishwa kwenye kigingi, naye mke akatangulia tena na ncha yake, na hivyo hivyo, hadi jioni walikuwa na mstari wa vigingi uliopinda kufuata umbo la kilima. Kwa jicho ulionekana wa ovyo, na mwashi aliapa kwamba hakuwahi kupima kitu kilicholala sawa kama kile.

Walipima mitaro tisa. Kuchimba ilikuwa kazi ya mkewe, pamoja na vibarua wawili wiki za mwanzo na mabinti siku za mapumziko. Mwashi alikaa juu ya kigoda akisawazisha tuta kwa mwiko, jambo lililowachekesha wapita njia, maana hakuna aliyewahi kuona udongo wa shamba ukipigwa mwiko kama sebule. Juu ya matuta walipanda majani ya ng'ombe, marefu, yenye mizizi ya kung'ang'ania.

Kaka mkubwa alikuja kuangalia. Alizunguka mikono nyuma, akichungulia mitaro.

"Mdogo wangu, kuna vita vinakuja ambavyo sisi hatujaambiwa? Haya ni mahandaki."

"Ni mitaro ya kuzuia maji, kaka."

"Umepoteza robo ya shamba! Ulikuwa na ekari mbili na nusu, sasa huna hata mbili. Unavuna nini kwenye shimo?"

"Huwa napoteza shamba zima, linakwenda kwa mwalimu. Sasa nimeamua kupoteza robo tu."

Kaka akatikisa kichwa, akamgeukia shemeji yake. "Shemeji, na wewe umekubali?"

"Mimi ni kibarua tu, shemeji," mwashi alisema, akiendelea kupiga mwiko. "Bosi ni huyo."

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, hilo hakulificha. Magunia yalipungua na maneno ya watu yakaongezeka. Lakini ng'ombe, ambaye sasa alikula majani ya matuta mpaka akashiba, alizidisha maziwa, na mkewe mwashi alimwambia kila aliyemuuliza: "Mwaka huu kilima kinakula. Mwakani tutakula sisi." Alisema kwa uhakika ule ule ambao mtu husema kesho ni Jumanne. Mwaka wa pili magunia yakarudi palepale. Mwaka wa tatu, mahindi yalipokuwa yamefika kiunoni, ikaja mvua ambayo watu bado wanaitumia kuhesabia umri wa watoto.

Ilianza adhuhuri. Hakukuwa na ngurumo, mbingu ilishuka tu. Mwalimu mstaafu alisema baadaye kwamba alidhani mtu amemwaga pipa juu ya bati lake, akangoja liishe, lisiishe. Mkewe mwashi alijifunika gunia la nailoni, akachukua jembe, akapanda. Mtaro wa kwanza ulijaa, ukatulia, sawasawa kama beseni. Wa pili vilevile, na wa tatu. Alianza kutabasamu. Alipofika wa sita, tabasamu likafa. Katikati ya tuta kulikuwa na tundu kama ngumi, kazi ya fuko aliyejichimbia njia yake, na maji yalikuwa yanapita humo kwa nguvu na kulipanua mbele ya macho yake. Tuta la sita likikatika, maji yake yataangukia la tano, na la tano la nne, na kilima kizima kitakwenda.

Alitupia udongo, maji yakaulamba. Alitupia jiwe, likabebwa. Akapiga kelele kuelekea nyumbani, hata hakujua anamwita nani.

Alipogeuka tena, alimwona mumewe. Hakuwa na fimbo, kwa sababu fimbo haikufaa kitu kwenye utelezi ule. Alikuwa anakuja kwa makalio, ameupa mteremko mgongo, akijisukuma kwenda juu kwa mikono na mguu mmoja mzima, tuta baada ya tuta, matope mpaka kifuani, akiburuta kwa meno gunia tupu.

"Usiweke udongo mtupu!" alifoka kabla hajafika. "Hakuna fundi anaziba tundu kwa udongo mtupu! Jaza gunia! Jaza nusu, lisijae!"

Akajaza nusu. Mwashi akalala kifudifudi juu ya tuta, akaliingiza gunia kwenye tundu kwa upande wa maji, akalikandamiza kwa bega. Maji yenyewe yakalisukuma likae. "Sasa majani, yang'oe na mizizi yake. Sasa jiwe bapa, lile. Sasa udongo, na ukanyage. Kanyaga kama unanikanyaga mimi!"

"Hilo nimelingoja miaka," mkewe akasema huku anakanyaga.

Tundu likaziba. Walikaa pale pale juu ya tuta, mvua ikiwapiga, wakitazama maji yakipanda taratibu nyuma yake, yakifika karibu na ukingo, yakisimama. Hayakupita. Mwashi alianza kucheka, akacheka mpaka nyonga ikamuuma, akacheka huku anaugulia. Mkewe alimshika mkono wenye matope na hakuuachia mpaka mvua ilipopungua. Kushuka, ilibidi wote wawili washuke kwa makalio.

Kesho yake jua lilitoka kama si lenyewe. Mahindi yao yalikuwa yameinama kidogo, lakini yote yalikuwa yamevaa udongo hadi shingoni. Mwalimu mstaafu alikuja mpakani na kofia yake.

"Mama," alisema kwa huzuni ya kweli, "safari hii hukuniletea kitu."

"Nilikwambia usizoee, mwalimu."

Tambarare ya kaka mkubwa haikubahatika. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha kilima ambacho hakuwahi kukijali, na siku ile kipande hicho kilimwagia mchanga na mawe juu ya nusu ya mahindi yake. Siku tatu baadaye alikuja. Safari hii mikono haikuwa nyuma, ilikuwa inazungusha kofia.

"Mdogo wangu," alianza. "Yule... shemeji... anaweza kuja kunipimia kile kilima?"

Angeweza kumjibu mengi. Alikuwa nayo, yamepangwa tayari, mengine yana miaka. Alimwangalia kaka yake, akaona viatu vyake vilivyojaa tope na macho ya mtu ambaye hajalala, na mengi yale yakamwishia mdomoni.

"Muulize mwenyewe. Si yule varandani?"

Mwashi alikubali, ila kwa sharti moja: ncha ya pili ya mpira ashike kaka mwenyewe, si kibarua. Kwa siku nne watu waliopita barabarani walimsikia mwashi, akiwa amekaa kwenye kigoda kama jaji, akimwamuru shemeji yake mkubwa kupanda, kushuka, kupanda nusu unyayo, na asipumue. Mkewe alileta chai saa nne, akakaa kwenye jiwe kutazama. Hakumbuki chai iliyowahi kuwa tamu vile.

Siku hizi mwashi anachukuliwa kwa pikipiki kwenda kupima vilima vya watu, na mpira wake umekunjwa kwenye mkoba wa shule wa zamani wa binti mdogo. Majirani wanamwita Fundi Maji. Mkewe wanamwita Bosi, na hajawahi kuwakatalia.

Juzi juzi alisimama kwenye kona ya chini ya shamba, pale penye unyevu hata kiangazi, akapiga kisigino ardhini mara mbili.

"Hapa," alimwambia mumewe, "nataka bwawa la samaki."

"Samaki? Kilimani?"

"Kilimani."

"Mama Watoto, samaki wakisikia watatucheka."

"Acha wacheke. Wakimaliza, wataingia."

Mwashi alisema hilo ni wazimu, udongo wa pale utanyonya maji yote, na yeye hana nguvu ya wazimu mwingine. Alisema hivyo wakati wa chakula cha mchana, na akarudia wakati wa chai. Asubuhi, mkewe alipotoka kukamua, alimkuta ameshafika kwenye ile kona, ameegemea fimbo, ameokota bonge la udongo na kulifinyanga kwa vidole, akilinusa, akilibonyeza kuona kama litapasuka.

Halikupasuka.

"Lete vigingi," alisema bila kugeuka.